Milango ya Chumvi Mwilini

Kaskazini mwa Pakistan palikuwa na mtoto mmoja wa kiume, umri wake miaka kumi, aliyejulikana sana kwa michezo ya kutisha aliyoifanya barabarani. Alijidunga visu mikononi, akatembea juu ya makaa ya moto, na uso wake usikunjike. Haukuwa ujasiri wala kiinimacho. Mtoto yule hakupata kusikia maumivu tangu azaliwe. Watafiti waliotaka kumchunguza hawakumdiriki: aliruka kutoka juu ya paa la nyumba akafa, akiwa karibu kutimiza miaka 14.

Katika familia tatu za eneo hilo walipatikana watoto sita wenye hali kama yake. Akili zao zilikuwa timamu, na mguso, joto na baridi walivitambua. Lakini midomo na ndimi zao zilikuwa na majeraha waliyojiuma wenyewe utotoni, na wengine walivunjika mifupa bila ya mzazi kujua mpaka alipomwona mwanawe akichechemea. Sisi akina mama tuliozoea kumkimbilia mtoto tunaposikia kilio, hebu tufikirie nyumba ambayo kilio hicho hakiji.

Sababu ilitangazwa mwaka 2006, nayo ni mlango mmoja mdogo mno. Mishipa yetu ya fahamu hupeleka habari kwa umeme, na umeme huo hutokana na sodiamu, ile ile iliyomo katika chumvi ya jikoni. Sodiamu hukaa kwa wingi nje ya mshipa. Mlango ukifunguka huingia kwa kasi, na habari husonga mbele. Hodgkin na Huxley, wanasayansi wa Uingereza, walilieleza jambo hili mwaka 1952 kwa kuuchunguza mshipa mnene wa ngisi, huyu huyu tumjuaye sokoni. Milango hiyo mwilini ni ya aina tisa, na kila aina ina mahali pake. Watoto wale walikosa ile inayopeleka habari za maumivu.

Kosa hilo hujitokeza pale mtoto anaporithi jeni mbovu kwa baba na kwa mama pia, nao wazazi wenyewe ni wazima. Wazazi wa watoto wale walikuwa wa nasaba moja. Kuoa binamu ni halali, nasi Pwani tunalijua. Ila familia iliyokwisha kupata mtoto mwenye maradhi ya namna hii haina budi kumwona daktari kabla ya kufunga ndoa nyingine ya ndani, kwani kwa wazazi kama hao kila mimba ina uwezekano wa mmoja kwa wanne.

Mlango huo huo ukiwa mwepesi mno kufunguka, mambo hugeuka. Mwaka 2004 watafiti nchini China walionyesha kuwa wagonjwa ambao nyayo na viganja vyao huwa vyekundu na kuwaka kama moto wana hitilafu ya jeni hiyo hiyo. Na ukizibwa kwa makusudi, ndiyo ganzi ya sindano anayotudunga daktari wa meno. Sumu ya bunju nayo huziba milango hii, tena moto wa jikoni hauiondoi. Mlaji huanza kufa ganzi midomo, kisha viungo hulegea na pumzi hukatika, huku mara nyingi akili zake zikiwa macho. Mwezi wa Januari 2025 Marekani iliidhinisha suzetrijini, dawa ya maumivu makali ya muda mfupi inayoziba mlango mmojawapo tu, bila ya uraibu wa dawa za jamii ya afyuni.

Misuli nayo ina mlango wake, na hapa ndipo wengi huonewa. Mtoto hucheza mpira vizuri, akikaa kupumzika miguu hulegea asiweze kusimama. Baada ya saa chache huwa mzima kabisa. Ataitwa mvivu, au atapelekwa kupungwa. Kumbe mlango wa sodiamu katika misuli umekataa kufunga. Kwa wagonjwa hawa, hali hiyo huchochewa na baridi, na kukaa na njaa, na vyakula vyenye potasiamu nyingi kama tende, ndizi na madafu.

Msomaji ameshaona tunakoelekea. Njaa ya mchana kutwa, kisha tende na dafu wakati wa magharibi: futari iliyo baraka kwa wengine yaweza kumwangusha huyu. Mgonjwa ana ruhusa yake katika dini, na shekhe atamweleza vizuri zaidi akiwa ameshapata maneno ya daktari. Lakini mtu asijiamulie chakula mwenyewe, kwa kuwa ipo aina nyingine inayofanana na hii ambayo potasiamu hupungua katika damu, na kinachoiamsha ni mlo mzito wa wanga. Tiba ya mmoja ni madhara kwa mwengine.

Kipimo cha damu chenye manufaa zaidi ni kile kinachochukuliwa wakati mtoto yungali amelegea. Mama na aandike saa ilipoanza, alichokula mtoto, alichokuwa akifanya na muda uliopita hadi aliposimama tena, na ataje pia jamaa yeyote wa upande wa baba au wa mama aliyepata kuanguka hivyo, kwani maradhi haya ya misuli hurithiwa hata kwa mzazi mmoja.