Nani Analipa Mafuta?

Mwenye Coaster mbili za Mbagala Rangi Tatu na mwenye malori sita yanayolala kwenye yadi ya Kurasini wanaweza kuingia duka moja la vifaa vya GPS, wakauziwa kisanduku kilekile, na mmoja wao akawa ametupa fedha zake. Kisanduku hakina kosa. Kinachowatofautisha ni makubaliano ya kila mmoja na dereva wake, na hayo ndiyo ya kuyatazama kabla ya kuuliza bei.

Daladala nyingi za Temeke na Kinondoni zinaendeshwa kwa hesabu. Asubuhi dereva anachukua gari, jioni anampelekea tajiri kiasi walichopatana. Mafuta anaweka mwenyewe, konda anamlipa mwenyewe, kinachobaki ni chake. Kwa tajiri wa namna hiyo, sensa ya mafuta ndani ya tangi ni gharama ya bure, kwa sababu lita inayopotea haitoki mfukoni mwake. Kinachomuumiza ni gari: oili iliyopitiliza kilomita zake, usukani aliokabidhiwa deiwaka bila tajiri kujua, breki zilizokwisha kwa mbio za kugombea abiria, ruti iliyokatishwa huku leseni ya njia ikiwa na jina lake. Anachohitaji ni mahali gari lilipo, mwendo, kilomita, saa ambazo injini imewaka, na utambulisho wa aliyeshika usukani. Kifaa kidogo cha GPS chenye laini ya simu, kilichounganishwa na waya wa swichi, pamoja na kitufe cha utambulisho wa dereva, kinatosha kabisa.

Kwenye lori mambo yanageuka. Dizeli ananunua mwenye gari, na dereva anapewa posho ya safari. Bei ya kikomo inatangazwa upya na EWURA kila mwezi, na safari ya Tunduma inaondoka na tangi lililojaa. Hapo swali la mafuta ndilo biashara yenyewe, na ndipo wauzaji wengi wanapoahidi zaidi ya wanachoweza kutoa.

Njia rahisi ni kusoma geji ya kiwandani. Hiyo inatumia boya linalopanda na kushuka, na ilibuniwa kumwambia dereva kwamba mafuta yanakaribia kwisha, si kumwambia mhasibu kwamba lita 25 zimetoka. Sensa ya fimbo inayozamishwa ndani ya tangi ni sahihi zaidi, kwa sharti kwamba tangi lipimwe upya: linamwagwa lote, kisha linajazwa lita 20 kwa 20 huku fundi akiandika usomaji wa kila hatua. Fundi anayemaliza kazi hiyo kwa nusu saa hajaifanya. Hata ikifanywa vizuri, dizeli hutanuka kwa joto. Lita 600 zikipanda nyuzi 15 kati ya alfajiri na mchana huongezeka takriban lita 7 bila mtu kuongeza tone. Mfumo usiojua hilo utaripoti wizi usiku gari linapopoa, na dereva mwaminifu ataitwa ofisini kujieleza.

Tena tangi peke yake halisemi mafuta yamekwenda wapi. Malori mapya huwa na mtandao wa kompyuta ndani yake, na tangu 2002 watengenezaji wakubwa wa Ulaya, wakiwemo Scania, Volvo na DAF, walikubaliana namna moja ya kutoa takwimu zake. Humo mna jumla ya mafuta ambayo injini imeyachoma. Ukiweka namba hiyo pembeni ya namba ya fimbo unapata jibu la maana: tangi limepungua lita 180, injini imechoma 150, basi 30 zimeingia kwenye madumu. Kwa maoni yangu, mwenye malori asiyeweza kununua vyote viwili kwa gari zote afadhali avifunge kwenye gari mbili zinazokula sana kuliko kutandaza kimoja kwenye sita.

Coaster na Hiace zilizotumika Japani zinahitaji tahadhari. Chini ya dashibodi utaona tundu la pini 16, na muuzaji atakwambia kifaa cha kuchomeka kitasoma kila kitu. Tundu la umbo hilo halithibitishi kwamba gari linaongea lugha ambayo Marekani iliilazimisha kwa magari yake tangu 1996. Magari mengi ya zamani ya soko la ndani la Japani hutoa sehemu tu ya takwimu hizo, na mengine hayatoi chochote. Mwambie achomeke mbele yako, injini ikiwaka, kabla hujalipa. Kifaa cha kuchomeka kina udhaifu mwingine: dereva anaweza kukichomoa kwa mkono mmoja akiwa kwenye foleni ya Tazara.

Suala la taarifa kutumwa kila baada ya muda gani watu hulipita haraka, nami naliona kubwa. Kwa kilomita 80 kwa saa gari hukata zaidi ya mita 1,300 kwa dakika, hivyo kifaa kinachorekodi mara moja kwa dakika hakitaona kona iliyopitwa vibaya wala kituo cha sekunde 40. Kurekodi kila sekunde 30 mchana na usiku kunatumia takriban MB 9 kwa mwezi, hivyo gharama ya bando si kisingizio. Hakikisha pia kifaa kina hifadhi ya kutunza taarifa mtandao unapokatika na kuzituma ukirudi, la sivyo sehemu za porini zitakuwa mapengo kwenye ripoti.

Mabasi ya mikoani yako tayari kwenye mfumo wa LATRA wa kufuatilia magari, VTS, na mizigo ya kwenda nje hufungwa lakiri ya kielektroniki ya TRA. Kama gari lako limo humo, muulize aliyekufungia kama kifaa hicho kinaweza kukutumia taarifa na wewe, kabla ya kununua cha pili.

Hayo yote yanamhusu binadamu anayeendesha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inataka mtu ajue taarifa zake zinakusanywa na kwa sababu gani. Mwandikie dereva kwenye mkataba wake nini kinarekodiwa, nani anakiona, kinatunzwa kwa muda gani, na mpe ripoti yake ya wiki kabla hujampa lawama. Kwenye mkataba wa muuzaji nako idai ibara inayosema kumbukumbu ni zako, na kwamba ukiacha kulipia huduma utakabidhiwa zote kwenye faili linalofunguka bila programu yake.