KOMPYUTA INAPOTOA MISTARI: TUNUNUE KADI MPYA?

Siku hizi kompyuta imefika hata kwetu vijijini. Ipo kwenye ofisi za vyama vya ushirika, za vikundi na za vituo vya elimu. Ikiharibika, fedha inayotoka ni ya wanachama. Basi ni vizuri tujue angalau kidogo jinsi inavyoharibika, ili wakati wa kuamua tuamue wenyewe.

Leo tunaeleza sehemu moja tu, nayo ni kadi ya picha.

Katika kituo chetu tuna kompyuta moja ya mezani. Humo tunaandika majina ya wanakisomo, hesabu za mfuko wa kikundi na gazeti letu la ukutani. Kiangazi kimoja kioo kilianza kutoa mistari ya kijani na vidoti vyekundu. Baada ya wiki moja kikawa cheusi kabisa. Mama mweka hazina alishika kichwa. "Mwalimu, hesabu za watu ndiyo zimepotea hivyo?"

Hazikupotea. Hesabu hukaa ndani ya diski, si ndani ya kadi wala ndani ya kioo. Kadi ya picha kazi yake ni kuchora tu. Ni kibao chembamba kilichochomekwa ndani ya sanduku la kompyuta, lile ambalo wengi huliita sipiyu. Kibao hicho kina chipu yake na mara nyingi kina feni yake pia. Kioo cha kawaida chenye vidoti 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo kina vidoti zaidi ya milioni 2. Kadi hupeleka picha ya vidoti hivyo vyote mara 60 kwa kila sekunde moja! Kazi hiyo huleta joto, na joto pamoja na vumbi ndivyo vinavyoua kadi nyingi.

Hata hivyo, tukiona mistari tusiseme haraka kwamba kadi imekufa. Sisi tulisema haraka, na tulilipa. Kwanza tunakili hesabu zote kwenye flashi wakati kioo bado kinaonekana, maana kompyuta ikizimika ghafla katikati ya kuandika inaweza kuharibu kazi. Halafu tuangalie waya unaotoka kwenye sanduku kwenda kwenye kioo. Tuuchomoe, tuuchomeke tena, au tuazime mwingine. Waya mbovu huleta mistari vilevile.

Ipo na njia nyingine ya kujua. Kwenye kibodi kuna kitufe cha kupiga picha ya kile kilichomo kwenye kioo. Mistari ikionekana, tupige picha hiyo, tuitie kwenye flashi, tuifungue kwenye kompyuta nyingine. Kama mistari imo ndani ya picha, ubaya uko ndani ya sanduku, na mara nyingi ni kadi. Kama picha ni safi, mara nyingi ubaya uko kwenye waya au kwenye kioo chenyewe. Tena tutazame wakati wa kuwasha. Mistari ikitokea mapema, hata Windows haijaanza, basi si kosa la programu. Ikitokea baada ya Windows kufunguka tu, huenda programu inayoendesha kadi ndiyo imeharibika. Hiyo huwekwa upya bila kununua kitu chochote.

Halafu tusafishe. Tuzime, tuchomoe waya wa umeme, tuguse chuma cha sanduku kabla ya kugusa kadi. Tuondoe vumbi kwa brashi laini iliyo kavu, huku kidole kimeizuia feni isizunguke. Tukiwasha tena tuitazame. Kama feni ya kadi imekwama, fundi anaweza kubadilisha feni peke yake.

Sasa tuseme juu ya kupasha moto. Fundi wa kwanza tuliyempelekea alichukua kadi yetu, akaipasha kwa hewa ya moto, akatutoza shilingi 90,000. Kompyuta ikawaka vizuri, tukafurahi. Wiki ya tano mistari ikarudi.

Kwa nini iwe hivyo? Chipu imeshikizwa kwenye kibao kwa vitone vidogo sana vya bati. Ikipata moto hutanuka, ikipoa hunywea. Miaka ikipita, nyufa hutokea. Ukiipasha, sehemu zilizoachana hugusana tena kwa muda, lakini ugonjwa haujaondoka. Jambo hili si la mafundi wa kwetu tu. Mwaka 2008 kampuni ya Nvidia ya Marekani ilitangaza kwamba baadhi ya chipu zake za kompyuta za kubeba zilitengenezwa kwa mali dhaifu. Ilitenga kati ya dola milioni 150 na milioni 200 kwa ajili ya kutengeneza na kubadilisha. Kwa hiyo fundi akisema, "Nitaipasha itapona," tumwulize: itapona kwa muda gani, na ikirudi utaturudishia fedha? Na wapo wanaoipasha kadi ndani ya tanuri la mikate. Jamani, moshi wake una sumu. Chombo cha chakula kisitumike hata kidogo.

Fundi wa pili alitaka tununue kadi nyingine kwa shilingi 250,000. Tulikuwa tumeshaitisha kikao. Kijana mmoja aliyekuwa likizo akauliza, "Mwalimu, hivi kompyuta hii bila kadi haionyeshi kitu?" Tulicheka. Kumbe aliuliza jambo la maana.

Kompyuta nyingi zina sehemu ya kuchora picha ndani ya chipu kubwa, yaani ile inayofanya hesabu zote. Nyuma ya sanduku, karibu na matundu ya flashi, kuna tundu jingine la waya wa kioo. Tulichomoa kadi, tukauchomeka waya hapo juu. Kioo kikawaka. Kwa kuandika barua na hesabu hatukuihitaji kadi tangu mwanzo.

Lakini si kila kompyuta ina sehemu hiyo, hata kama tundu lipo. Kwa chipu za Intel Core, jina likiishia na herufi F, haimo. Hapo, au kama kazi ni kutengeneza filamu, kadi lazima. Tutafute ndogo isiyohitaji waya wake wa umeme. Tundu inamochomekwa hutoa wati 75 tu, na kadi kubwa inaweza kuudai umeme ambao sanduku letu halina. Ikiwa imetumika, tuione ikifanya kazi saa nzima kabla ya kulipa. Na kompyuta ikiwa ya zamani sana, tufikiri mara mbili. Windows 10, kwa mfano, ilikoma kupata matengenezo ya kawaida ya bure Oktoba 14, 2025.

Zile shilingi 90,000 hazikurudi. Zile 250,000 kikao kiliamua zinunue stabilaiza na karatasi za gazeti la ukutani, na chenji ikarudi kwa mama mweka hazina.