Mikopo ya Ndani: Burundi na Rwanda Zipimwe kwa Mizani Gani?

Ulinzi wa taifa hauishii kwenye bunduki na doria. Pale Kajaga, kando ya Ziwa Tanganyika, barabara itokayo Bujumbura kuelekea Gatumba hupitisha bidhaa za Burundi na za Kongo. Askari wa zamu huiona mizigo. Asichokiona ni mikopo iliyoinunua. Walakini mikopo hiyo ina sauti katika kuamua mshahara wake utanunua kilo ngapi za mchele.

Wataalamu hutumia kipimo kiitwacho mikopo halisi ya ndani. Huchukuliwa deni la Serikali kwa mabenki, hutolewa akiba ambayo Serikali imeweka humo, kisha hujumlishwa mikopo ya makampuni, mashirika na raia. Hata mkopo wa benki ambao askari amenunulia mabati umo katika hesabu hiyo.

Burundi na Rwanda zafaa kulinganishwa, kwa maana zilianza safari pamoja. Zilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962, zilikuwa na faranga moja iliyotolewa na benki moja. Mwaka 1964 ushirika huo ulivunjwa, kila nchi ikaunda benki kuu yake, na faranga mbili zikashika njia mbili.

Hapo ndipo penye mtego. Mara nyingi takwimu hizo huandikwa kwa fedha ya kila nchi. Azipangaye bega kwa bega na kutangaza mshindi anahesabu pishi na vibaba kana kwamba ni kipimo kimoja. Mwezi Mei 2023 pekee, faranga ya Burundi ilishushwa thamani kutoka kiasi cha 2,000 hadi kiasi cha 2,800 kwa dola moja. Mizani ya haki ni kuipima mikopo kwa pato la taifa la mwaka uleule, kisha kuuliza: aliyekopa ni Serikali au ni wazalishaji?

Historia nayo isisahauliwe. Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari, serikali iliyokimbia Rwanda iliondoka na fedha za benki kuu. Noti mpya zikatolewa mwanzoni mwa 1995. Burundi iliwekewa vikwazo vya uchumi na majirani zake kuanzia 1996 hadi 1999. Tena, kuanzia 2016 hadi 2022, Umoja wa Ulaya ulisimamisha msaada wa moja kwa moja kwa Serikali yake. Msaada ukikatika, Serikali hulazimika kukopa nyumbani, na mikopo hupanda pasipo kiwanda hata kimoja kuongezeka.

Basi mkopo mkubwa si sifa wala si aibu. Mkopo wa mbolea au wa mashine huleta bidhaa sokoni. Mkopo wa benki kuu wa kuziba pengo la bajeti huongeza noti bila kuongeza bidhaa, na bei hupanda. Mwaka 2023 bei nchini Burundi zilipanda kwa zaidi ya asilimia 20. Aumiaye upesi ni mwenye mshahara usiobadilika: mwalimu, muuguzi, askari na polisi.

Ndugu askari, lililo kweli kwa taifa ni kweli kwa nyumba yako. Kukopa harusi, kulipa matanga. Kabla ya kutia sahihi, jiulize mkopo huo utazaa nini.