Saa inasoma 46: Ni pumzi ya mkongwe au ni kidonge cha presha?

JUMAPILI asubuhi, bonanza la maveterani. Winga wa zamani, miaka 58, anachungulia saa yake ya mkononi kabla ya kuingia uwanjani: mapigo ya moyo 46 kwa dakika. Wenzake wanacheka, wanamwambia mzee bado una moyo wa kijana. Dakika ya 15 anaomba kutoka. Miguu mizito, kichwa chepesi, na saa imegoma kuvuka 115 hata pale alipomkimbiza beki mpaka kwenye kibendera cha kona.

Wa aina yake hawakosekani kwenye bonanza lolote. Kila asubuhi anameza kidonge cha presha, jioni anakimbia, na hajawahi kuunganisha mambo hayo mawili.

Kwa mtu mzima aliyepumzika, mapigo ya kawaida ni kati ya 60 na 100. Mwanamichezo aliyeiva hushuka chini ya hapo bila tatizo, kwa sababu moyo wake husukuma damu nyingi kwa pigo moja. Miguel Indurain, Mhispania aliyebeba Tour de France mara 5 mfululizo kuanzia 1991 hadi 1995, anatajwa kuwa na mapigo 28 akiwa amepumzika.

Lakini Indurain hakufikishwa hapo na kidonge. Dawa za kundi la bitabloka, kama Atenolol, Bisoprolol na Propranolol, huuzuia moyo kusikia amri ya adrenalini. Unapumzika, mapigo yako chini. Unakimbia, hayapandi inavyotakiwa. Si kila dawa ya presha iko hivyo. Amlodipine na Losartan kwa kawaida hazipunguzi kasi ya moyo namna hiyo. Kwa hiyo, kabla ya kumpongeza mzee, mwulizeni kwanza anameza nini.

Walenga shabaha wanaijua nguvu ya dawa hizi. Kwenye Olimpiki ya Beijing 2008, Kim Jong-su wa Korea Kaskazini alipokonywa medali zake mbili, ya fedha na ya shaba, baada ya kukutwa na Propranolol. Moyo ukipiga polepole, mkono hautetemeki. Kwa mwenye bastola hiyo ni faida. Kwa winga, ni breki.

Ndiyo maana hesabu ya 220 kutoa umri inawadanganya wengi. Inampa mzee wa miaka 58 kikomo cha 162, naye anajiua kukitafuta wakati dawa imeshaweka dari chini zaidi. Afadhali kipimo cha mdomo: ukikimbia huku unaweza kuongea sentensi nzima, uko salama, ukibaki kutoa neno mojamoja, punguza. Kupasha misuli kuwe kwa muda mrefu, na kipenga kikilia usikae chini ghafla. Tembea kwanza.

Hatari kubwa iko kwa wajanja wanaoacha kidonge Ijumaa ili Jumapili "wawe wepesi". Bitabloka ikikatwa ghafla, presha na mapigo vinaweza kuruka juu kwa kishindo, na mwenye moyo mbovu anaweza kupata shambulio akiwa katikati ya uwanja. Wa kupunguza dozi au kubadili dawa ni daktari, si nahodha wa timu.

Na 46 yenyewe? Kama mtu hana kizunguzungu, hazimii, hakati pumzi wala haumwi kifua, inaweza isiwe tatizo, ila ni vizuri daktari aijue. Dalili hizo zikiwepo, mpira usubiri: ni hospitali, na kipimo cha umeme wa moyo.

Saa nazo hukosea, hasa mkono ukilowa jasho. Vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, asubuhi kabla ya kutoka kitandani, hesabu dakika nzima, andika. Daftari hilo, pamoja na pakiti ya dawa, ndivyo vya kubeba siku ya kliniki.