Koma Kati ya Vishazi: Kanuni ya Kiingereza Inapovuka Mpaka

Mwalimu mwenzangu, waulize wanafunzi wako koma (mkato au kipumuo) hutumiwa wapi katika sentensi yenye vishazi viwili. Wengi watakujibu: "Kabla ya 'lakini'." Jibu hilo wamelitoa katika somo la Kiingereza. Si jibu baya, ila halitoshi, na mara nyingine humpotosha mtahiniwa katika Karatasi ya Pili ya Kiswahili (102/2). Tuitazame kanuni yenyewe kwanza.

Kanuni ya Kiingereza

Kishazi huru hujitosheleza kimaana. Kishazi tegemezi hakijitoshelezi. Kiingereza hutofautisha viunganishi kwa msingi huo.

(a) Viunganishi saba, yaani "and", "but", "or", "nor", "for", "so" na "yet", huunganisha vishazi huru. Koma hutangulia kiunganishi: "The rain fell, but the river stayed low." Kiima kisiporudiwa, koma kwa kawaida huachwa: "The rain fell but did not last."

(b) Viunganishi kama "when", "if", "because" na "although" huanzisha kishazi tegemezi. Kikitangulia, hufuatwa na koma: "When the rain fell, we ran home." Kikija nyuma, aghalabu koma haihitajiki: "We ran home when the rain fell."

(c) Kuunganisha vishazi huru viwili kwa koma pekee, bila kiunganishi, huhesabiwa kuwa kosa: "The rain fell, we ran home."

Je, Kiswahili kinafuata kanuni hizi?

Kanuni ya (b) inatufaa sana. Tunaandika: "Mvua iliponyesha, tulikimbia nyumbani", lakini: "Tulikimbia nyumbani mvua iliponyesha." Tazama hata hivyo kwamba hapa hapana kiunganishi. Utegemezi umebebwa na kiambishi -po- ndani ya kitenzi, sawa na -ki- katika "Ukisoma kwa bidii, utafaulu." Mtahiniwa anayetafuta kiunganishi ndipo aweke koma hataona pa kuiweka. Mfundishe kuchunguza kitenzi.

Kanuni ya (a) inatufaa nusu tu. Katika "Mvua ilinyesha lakini haikudumu", nomino "mvua" haikurudiwa, ila kiambishi kiima i- kimo katika "haikudumu". Hivyo kila upande ni kishazi huru. Kigezo cha Kiingereza cha kutazama iwapo kiima kimerudiwa hakiwezi kutuamulia jambo. Afadhali tuongozwe na urefu wa vishazi, kituo cha msomaji na uzito wa ukinzani.

Kanuni ya (c) nayo haituhusu kila mara. "Alifika, akaketi, akafungua kitabu" ni sentensi safi, kwa kuwa -ka- yenyewe huonyesha mfuatano wa vitendo. Mwalimu anayeikosoa anasahihisha Kiingereza.

Mahali maana inapogeuka

Hapa ndipo alama hupatikana au hupotea. Linganisha:

1. Ndugu zangu wanaoishi Kisumu walifika jana.
2. Ndugu zangu, wanaoishi Kisumu, walifika jana.

Katika (1), kishazi tegemezi kinabagua: wapo ndugu wengine wasioishi Kisumu. Katika (2), kinaongeza habari tu: ndugu wote wanaishi huko.

Tazama pia:

3. Juma hakuondoka kwa sababu aliogopa.
4. Juma hakuondoka, kwa sababu aliogopa.

Sentensi ya (3) ina utata. Huenda Juma alibaki kutokana na woga. Huenda pia aliondoka, ila woga sio uliomwondoa. Koma katika (4) inatubakishia maana moja: Juma alibaki, na sababu ni woga. Sentensi za namna hii hujaa katika majibu ya fasihi. Mtahiniwa anayeandika kwamba mhusika hakumsaliti mwenzake kwa sababu ya tamaa amesema nini? Kwamba usaliti haukutokea, au ulitokea kwa sababu nyingine? Mtahini hasomi mawazo ya mtahiniwa, husoma alichoandika. Ukiona utata wa aina hii, tumia koma, au bora zaidi, iunde sentensi upya: "Hakumsaliti kwa tamaa, bali kwa hofu."

Zoezi

Mtahiniwa, jaribu haya kabla ya kipindi kijacho:

(i) Akifisha: ingawa alionywa mara nyingi hakubadili mwenendo wake
(ii) Andika (i) upya ukianza na kishazi huru. Je, koma inahitajika? Eleza.
(iii) Tofautisha maana: Wasichana waliofaulu walituzwa. / Wasichana, waliofaulu, walituzwa.
(iv) Eleza maana mbili za: Hakulia kwa sababu aliumia.

Mwalimu, usisahihishe zoezi hili kwa vyema na mikasi pekee. Mtake mwanafunzi asome sentensi kwa sauti, kisha aseme koma yake imebadilisha nini. Akishindwa kusema, bado anaiweka kwa kubahatisha.