Kumfukuza Mfanyakazi wa Kikundi

Vikundi vingi siku hizi vina mashine ya kusaga au tanki la maji, na vimeandika mtu wa kazi. Kuandika ni rahisi. Shida huja siku ya kuachana, kwani wengi wetu hudhani aliyekosa huambiwa tu "nenda" pale mlangoni.

Tuseme kamati imemwagiza opereta wa mashine amwandikie kila mteja risiti. Hataki. Ameonywa, bado hataki, na pesa za jioni hazilingani na gorogoro zilizosagwa. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 44, inahesabu kukataa agizo halali la kazi kuwa kosa la kumfukuzisha mtu bila notisi, sawa na ulevi kazini, matusi kwa mwajiri, wizi, au kukosa kazini bila ruhusa.

Lakini angalieni neno "halali". Mwenyekiti akimtuma opereta akamlimie shamba lake, hiyo siyo kazi aliyoandikiwa. Akiambiwa awashe mashine na mkanda hauna kifuniko, ana haki ya kukataa, maana sheria ya usalama kazini inataka sehemu hizo zikingwe. Kuna kamati huita huo ukaidi. Sisi twaona ni akili.

Na hata kosa liwe kubwa namna gani, kifungu cha 41 kinasema asikilizwe kwanza. Aitwe, aelezwe kosa kwa lugha anayoifahamu, na aje na mfanyakazi mwenzake aliyemchagua mwenyewe. Watakayosema wote wawili yafikiriwe kabla ya kuamua. Afadhali mumpe siku chache ajitayarishe. Mkutano wa kikundi kizima, kila mtu akipayuka, si mahali pake, kamati yatosha. Mwandishi aandike yote, nao watie sahihi.

Mkiruka hatua hii, korti inaweza kuwaamuru mlipe fidia ya hadi mishahara ya miezi 12, hata kama mtu alikosa kweli. Kwa mshahara wa shilingi 15,000 hizo ni 180,000. Je, kikundi chenu kitatoa wapi, kama si kuuza mashine?

Akifukuzwa, alipwe siku alizofanya na likizo aliyobakisha. Msizuie pesa kwa hasira. Upungufu wa pesa hukatwa kwenye mshahara tu ikiwa mkataba wake ulitaja wazi kwamba amekabidhiwa kupokea na kutunza pesa, na zimepotea kwa uzembe au udanganyifu wake. Kama alifanya kazi wiki 4 au zaidi, apewe cheti cha kazi.

Yeye naye, akiona ameonewa, ana miezi 3 ya kupeleka malalamiko kwa ofisa wa kazi. Huko ninyi waajiri ndio mtakaotakiwa kuthibitisha sababu, kwa hiyo lile daftari lenye sahihi likae kwa mwandishi, lisizunguke nyumbani kwa watu.