Je, Wajua? Skauti, Skafu na Kibuyu Chirizi

Je, wajua kwamba vijana walianza kutumwa kabla skauti yenyewe haijazaliwa? Mwaka 1899 mji wa Mafeking, Afrika Kusini, ulizingirwa na Makaburu kwa siku 217. Wanaume walishika bunduki, na wavulana wa mjini, wengine wa miaka tisa tu, wakapewa kazi ya kupeleka ujumbe: kwanza kwa punda, kisha kwa baiskeli. Kamanda wao, Robert Baden-Powell, hakuisahau kazi hiyo. Mwaka 1907 alipiga kambi na wavulana wapatao 20 katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, na skauti ikaanza.

Je, wajua si kila fundo la skauti lilikuwa la kufungia hema? Baden-Powell aliwashauri vijana wafunge fundo kwenye kitambaa cha shingoni kila asubuhi, liwakumbushe tendo jema la siku. Kuokota ganda la ndizi njiani, mtu asije akateleza, kulihesabika.

Je, wajua skauti ya Marekani ina deni kwa kijana asiyejulikana? Mwaka 1909 William Boyce, mwenye magazeti kutoka Chicago, alipotea London. Kijana mmoja akamwelekeza, na alipopewa bahshishi akaikataa: yeye ni skauti. Mwaka uliofuata Boyce akaanzisha chama kwao. Ule ukungu mzito unaosimuliwa huenda umetiwa chumvi, lakini sanamu ya nyati iliyotolewa kwa heshima ya kijana huyo ipo kweli, Gilwell Park, Uingereza.

Je, wajua MI5, idara ya usalama ya Uingereza, iliwaona wavulana hawatulii? Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza iliwajaribu skauti kama matarishi, ikachoka nao, ikachukua wasichana wa Girl Guides, chama dada cha skauti. Ujumbe mwingine wasichana hao waliubeba kichwani, bila karatasi.

Je, wajua skauti waliwahi kuendesha posta katikati ya vita? Agosti 1944 watu wa Warsaw, Poland, waliinuka dhidi ya Wajerumani, na mji ukakatika vipande. Mama hakujua kama mwanawe wa mtaa wa pili yu hai. Skauti waliokuwa wakifanya kazi kwa siri wakaweka masanduku ya barua mitaani na kugawana njia. Barua isizidi maneno 25, isitaje habari za kijeshi, na kuituma ni bure. Mwenye kitabu au bendeji ya ziada alikaribishwa kuwatolea majeruhi. Wabebaji wengi walikuwa wadogo mno kupewa silaha. Hakuna aliyewaagiza watafute “mradi wa jamii”. Waliona watu wanakosa nini, wakakitoa.

Je, wajua kuhusu wiki ya hodi hodi? Kuanzia 1949 skauti wa Uingereza walizunguka majumbani kuosha magari, kung’arisha viatu na kufyeka bustani kwa shilingi moja kila kazi, fedha zikaenda kwenye mfuko wao. Ni uchangishaji mzuri. Huduma kwa jamii ni jambo jingine.

Tofauti hiyo Marekani wameiandika kwenye kanuni. Anayetaka cheo cha juu kabisa, Eagle, lazima tangu 1965 akamilishe mradi wa huduma. Mradi usikinufaishe chama cha skauti wala biashara ya mtu, kwa hiyo kupaka rangi ukumbi wenu wenyewe hakuhesabiki. Tena kijana hapimwi kwa jasho lake tu: lazima apange, aombe kibali, atafute vifaa na kuwaongoza wenzake. Kipengele hiki ningependa tukiige kesho. Huku kwetu skauti huitwa kuwavalisha wageni skafu na kuwapanga watu kwenye sherehe. Ni kazi, sawa, lakini aliyeipanga ni mtu mzima.

Je, wajua mradi wa kuanzia haufikii hata bei ya sare? Kibuyu chirizi, chombo cha kunawia mikono chenye asili ya Zimbabwe, ambako kweli kilikuwa kibuyu, leo ni dumu la lita tano, miti miwili yenye panda, mti wa kulaza juu, kamba, na kijiti cha kukanyagia. Ukikanyaga, dumu linainama na maji yanachirizika. Mkono hauligusi, basi uchafu wa chooni hauhamii kwa anayefuata. Sabuni itobolewe, ining’inizwe chini ya kopo isiloe mvua. Mafundo skauti anayajua tayari. Kinachoviua vibuyu hivi shuleni ni dumu tupu: wiki ya pili hakuna anayejaza. Wekeni ratiba ya zamu kabla ya kuchimba shimo la kwanza.

Je, wajua mkoko hauhitaji kitalu? Mbegu yake huota ingali mtini, ikaning’inia kama rungu refu la kijani. Unaichomeka kwenye tope na kuondoka. Lakini ulizeni wavuvi kwanza. Penye mawimbi makali mtapanda Jumamosi, na bahari itang’oa Jumapili.

Je, wajua skauti wa Burundi, Rwanda na Kongo waliwahi kuwa na mradi mmoja wa amani? Uliitwa Amahoro Amani, ukiwafundisha vijana kupatanisha watu na kupambana na chuki za kikabila, katika nchi ambazo majeraha yalikuwa mabichi.

Je, wajua vituo vinne vya dunia vya Girl Guides vilijengwa Uswisi, Uingereza, Meksiko na India, lakini cha tano kilianza bila jengo? Ni cha Afrika, kilikuwa kikihama nchi hadi nchi, na kinaitwa Kusafiri.

Na je, wajua anayemrudisha hujaji aliyepotea Mina, karibu na Makka, mara nyingi ni skauti? Mahema ya Mina yanafanana, na wazee hupotea kila mwaka. Skauti wa Saudia husambazwa humo wakiwa na ramani, wakiwafikisha mahujaji kwenye kambi zao. Mwenye mzazi anayekwenda hija amwambie mapema: akipotea, atafute kijana mwenye skafu, na namba ya kambi asiiache hemani.